Mzizi Si Wako

Mama hauiti dawa.
Anauita mboga, na ukimbishia
anakuuliza kama wewe unakula ili ufe.

Mchunga huota Pongwe pale mkonge ulipokoma,
kwenye udongo mwekundu uliokwisha nguvu.
Majani yamechanika kama yaliyopigwa kucha,
bua lake ukilivunja linatoa maziwa
yanayonata vidoleni mpaka magharibi.
Hakuna aliyeupanda. Hakuna anayeudai.
Mbuzi huuonja, kisha husimama kidogo, akifikiri.

Mimi ni mpimaji wa zahanati.
Kidole, sindano, tone, sekunde tano.
Machi, tone la Mama lilisema
kumi na nne nukta mbili.
Daktari Shekalage akaandika vidonge,
Mama akaikunja karatasi mara nne,
akaitia kibindoni pamoja na nauli.
"Haya," akasema. "Na mimi nina changu."

Changu hicho kilikuwa kuondoka umande ungalipo,
kuvuka reli, kupita kambi ya wakata mkonge,
kwenda mbele zaidi, mbele zaidi,
maana shamba la karibu lilipulizwa dawa ya magugu.
"Dawa ya kuua dawa," alisema,
akasahau kwamba ni mboga.

Wenye roho nyepesi huuchemsha, humwaga maji,
ndipo huunga kwa tui na ngogwe mbili.
Mama hamwagi.
Maji yale huyanywa kwa kikombe cha bati,
jicho moja amelifumba kama anayelenga ndege.
Halafu hukamua ndimu juu ya majani.

Ndimu alifundishwa na Bi Stamatia,
mke wa meneja Mgiriki, enzi Mama akiosha vyombo vyao.
Siku moja yule bibi aliinama kando ya njia,
akakata mchunga kwa kisu cha matunda,
akautafuna mbichi, akalia.
Kwao, alisema, mlimani penye mawe na mbuzi,
yuko ndugu yake, mchungu vilevile;
bibi zao huula kwa ndimu na mafuta ya zeituni
na hawafi mpaka wachoke.
Mama alikuwa na miaka kumi na mitatu.
Alishangaa kwamba Wazungu nao wana magugu.

Watu husema mengi.
Mwanamkuu anaapa ulimrudishia hamu ya kula
baada ya malaria ya masika.
Wengine: minyoo, tumbo, homa za mtoto.
Kilua alianza kutaja faida nyingine,
mkewe akamkanyaga mguu.
Mimi nilipouliza chuoni,
mwalimu alifuta miwani, akaendelea na somo.

Juni: nane nukta moja.
"Vidonge," nikasema.
"Mchunga," akasema.
Nikapima tena, mashine nyingine. Nane kamili.

Halafu nikatafuta shuka la mgeni
nikakuta chini ya kitanda boksi la viatu,
na ndani yake pakiti za vidonge, tupu, zote,
zimefungwa kwa uzi wa mkonge mwezi kwa mwezi.
Alikuwa akimeza.
Akishushia kwa maji yale machungu.

Basi ni kipi?
Kidonge, au jani, au saa nzima ya kulifuata jani,
au chai, ambayo siku hizi hainywi na sukari
kwa kuwa ulimi, anasema, umeshazoea ukweli?
Nilirudisha boksi. Sikuuliza.
Labda mchunga humchunga tu anayeuchuma,
humtoa nje asubuhi, humtembeza,
humrudisha ana njaa.

Jana, zahanati ilipokwisha watu,
nilijichoma kidole changu mwenyewe.
Namba sitaitaja.

Leo alfajiri Mama alinikuta mlangoni,
nimevaa ndara, nimeshika kikapu.
Alinitazama kama mtu anayesoma mita.
Akaingia ndani, akatoka na kisu cha matunda,
mpini umefungwa kwa kitambaa.

Tulivuka reli bila kusema neno.
Nilipoinama na kuushika wa kwanza, niuvute,
alinigonga kiganja.

"Kata juu," akasema.
"Mzizi si wako."